Nilivyomlilia Nyambura kwa Kiingereza

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Tetu, maana huko imeshatiwa chumvi hadi mimi mwenye kisa siitambui: mimi ndiye yule mwalimu aliyefanyiwa matanga ya mke wake, hema likasimamishwa, kamati ikachaguliwa, kabichi zikakatwa sufuria mbili, na mke mwenyewe yuko hai salama huko Qatar akipiga pasi mashuka ya watu. Najua mnacheka. Chekeni, hata mimi siku hizi nacheka kidogo, ingawa nikipita karibu na kituo cha majani chai bado natembea nikitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Aibu yenyewe ililetwa na Kiingereza. Shule ya watu binafsi niliyokuwa nafundisha ilifungwa, na mimi, badala ya kukaa nikihesabu mabati, nikajiandikisha kwenye mtandao kuwafundisha Wakorea Kiingereza (msiniulize Wakorea walinipata vipi, hata mimi sijui). Wakati huo Nyambura alikuwa ameshakwenda Qatar mwaka wa pili, na binti yetu Kui yuko bweni Nanyuki, kwa hivyo nyumbani tulibaki mimi na ng'ombe mmoja, na huyo ng'ombe si mzungumzaji. Nyambura hakuniacha, tuelewane. Alikuwa anapiga simu kila Ijumaa akipewa simu yake na tajiri wake, lakini simu za Ijumaa nazo zilikuwa zimeanza kufupika, mvua imenyesha, ndiyo, ng'ombe ametoa maziwa, ndiyo, Kui hajambo, haya basi, na Ijumaa mbili zilizotangulia siku ya kisa hiki hakupiga kabisa, na mimi kwa kiburi changu cha kijinga sikumwandikia kuuliza. Nilijiambia akinihitaji atanitafuta. Usiku nilikuwa nasikia friji ikinguruma jikoni, na nikagundua kwamba nimeshaijua, najua itanyamaza lini na itaanza tena lini.

Sasa kuna siku mtu wa kwanza kuongea naye na wa mwisho kuongea naye alikuwa ni Bwana Seo.

Bwana Seo ni mzee wa Busan, alikuwa fundi wa kuunganisha meli, amestaafu, na sarufi ya Kiingereza anaijua kuliko mimi. Nawaambia ukweli. Ukimpa sentensi iliyovunjika anaikarabati hadi inang'aa, halafu anakuuliza kwa nini ulitumia wakati huu wa kitenzi na si ule, na mimi nabaki nikisema ndivyo wanavyosema wenyewe. Lakini kuongea sasa. Akifungua mdomo maneno yanagoma. Tena Wakorea wana shida ile ile tuliyo nayo sisi Wakikuyu, herufi za r na l zinabadilishana viti zikitaka, kwa hivyo mlikuwa mkitupata darasani, mwalimu na mwanafunzi, tunapambana na neno la lori kila mtu kwa upande wake, na hakuna anayeweza kumcheka mwenzake. Nadhani hilo ndilo lililotufanya tuzoeane.

Siku hiyo alikuja na jambo zito. Binti yake ameolewa Kanada, na mama mkwe wa huyo binti alikuwa amefariki. Bwana Seo alitakiwa ampigie simu baba mkwe wa binti, yule mzee wa Kanada aliyefiwa na mke, ampe pole, na hao wazee wawili walionana mara moja tu, siku ya harusi, wakapeana mikono na kutabasamu siku nzima kwa sababu hawana lugha nyingine zaidi ya hicho Kiingereza. Alikuwa anaogopa. Alikuwa na kitabu chake cha misemo, na ndani yake amepata kwamba Waingereza mtu akifa husema amepiga ndoo teke, akaona ni msemo mzuri, una picha, akataka kumwambia yule mjane wa watu kwamba amesikitika kusikia mama amepiga ndoo teke. Nikamwambia Bwana Seo, hapana, hiyo ni ya mzaha, hiyo ndoo tuiache ilipo. Akaikata kwa mstari wa rula. Akaniuliza sasa aseme nini, na nikimwangalia pale kwenye kioo cha simu niliona anataka kulia, kwa sababu anajua maneno elfu na hana hata moja la kumpa mwenzake.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilimwambia, wacha mimi niwe huyo mzee wa Kanada. Wewe nipigie, mimi nimefiwa, tufanye mazoezi.

Lazima niwaeleze nilikuwa nimekaa wapi. Kwangu netiwaki ni ya kubahatisha, kwa hivyo masomo ya Bwana Seo nilikuwa nayafanyia kwenye kituo cha kukusanyia majani chai, kile kibanda cha mabati kilicho juu ya kilima, ambacho kabla ya wachumaji kuleta majani huwa kitupu na netiwaki inashika vizuri. Naketi kwenye meza ya kupangia majani, nimeegemea nguzo, nimeupa mlango mgongo, earphone masikioni. Na mtu mwenye earphone, mnajua wenyewe, huongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

Basi Bwana Seo akaanza. Akasoma sentensi yake aliyoiandika, safi, imenyooka, imekauka. Mimi nikajibu kama mjane. Mwanzoni nilikuwa naigiza tu (shuleni nilikuwa kwenye michezo ya kuigiza, nilifika hadi mashindano ya mkoa nikiwa chifu), nikasema asante kwa kupiga simu, mke wangu ameenda, nyumba ni kimya. Halafu sijui nini kilitokea. Nikasema asubuhi naingia jikoni naona kikombe chake kimetundikwa kwenye msumari na hakuna mtu wa kukitumia. Nikasema aliondoka kukiwa na mvua na sikumshika mkono vizuri kwa sababu nilikuwa nimebeba sanduku. Nikasema sikuwa karibu naye, alikuwa mbali, na sasa sijui nitamwambiaje binti yetu kwamba siwezi hata kukumbuka sauti yake akicheka. Na hapo machozi yakaja, si ya mashindano ya mkoa, machozi yenyewe, na nikalia kwa Kiingereza pale juu ya meza ya majani chai nikiita Nyambura, Nyambura.

Bwana Seo aliweka kitabu chake chini. Nilisikia kikigonga meza. Akasema polepole (nawatafsiria), "Niko hapa. Niambie juu yake." Hiyo tu. Maneno ya mtoto wa darasa la tatu. Nikamwambia mengi, nikalia hadi nikachoka, na nilipotulia akauliza kwa adabu yake yote, "Mwalimu, samahani. Mke wa mzee wa Kanada anaitwa Margaret. Nyambura ni nani?"

Nikajipangusa. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kwa maana sasa nilikuwa naona haya, kwamba Nyambura ni mke wangu na yuko hai, yuko kazini mbali. Na hiyo ndiyo sentensi ambayo ingeniokoa, ile pekee niliyoisema kwa sauti ya chini, na hakukuwa na mtu tena wa kuisikia, kwa sababu wakina mama waliokuwa wamesimama nyuma yangu na vikapu vyao vya majani walikuwa wameshaondoka.

Sikujua walikuwa pale. Siku hiyo gari la majani lilikuwa limetangazwa kuja mapema, wakaja mapema, wakanikuta mwanamume mzima analia peke yake kwa simu. Mmoja wao alikuwa Mama Njoki, jirani yangu wa kupakana ua, aliyemaliza kidato cha nne na Kiingereza anakielewa vizuri. Akawatafsiria wenzake kwa kunong'ona. Mke. Ameenda. Alikuwa mbali. Nitamwambiaje binti yetu. Nyambura. Na nyinyi mnajua habari tunazosikia za wasichana wetu wanaokwenda kazi za Uarabuni, hakuna aliyehitaji kuuliza mara mbili. Na kwetu mwanamume akilia hivyo humsogelei, unamwacha amalize, unakwenda kuwaita watu. Kwa hivyo wakaacha vikapu na wakashuka kuwaita watu.

Mimi nilimaliza somo, nikaona simu imebaki na moto kidogo na chaja yangu imekatika waya, nikavipita vile vikapu mlangoni bila kujiuliza ni vya nani, nikateremka Nyeri mjini kutafuta nyingine. Simu ikazima kabla sijafika. Nikazunguka mjini, nikala chapati na maharagwe peke yangu kwenye hoteli moja pale, nikakaa hata baada ya kumaliza kwa sababu kulikuwa na watu wanaongea, na jioni ikikaribia nikarudi. Huku nyuma watu walipopiga simu wakakuta imezimwa, wakasema maskini, ameenda kushughulikia mwili.

Nilipokata kona ya kwangu niliona hema. Nikafikiri, nani amekufa? Nikahesabu wazee wa pale mmoja mmoja. Halafu nikaona hema lenyewe liko ndani ya ua wangu, na viti vya kanisa, na moshi unatoka nyuma ya jikoni langu, na watu ambao hawajawahi kukanyaga kwangu tangu Nyambura aondoke wamejaa hadi kwenye nyasi za ng'ombe. Wote wakasimama waliponiona. Mama Njoki akaja mbele, leso begani, macho mekundu, akanikumbatia (hajawahi kunikumbatia, kwetu jirani humkumbatii hivyo) akasema, "Pole, Baba Kui. Nyambura ametuacha."

Sasa hapa ndipo nataka mnielewe, kwa sababu watu hufikiri nilijua. Sikujua. Mimi kile kilio cha kituoni nilikuwa nimeshakisahau, kwangu hilo lilikuwa somo. Nilichofikiri ni kwamba simu yangu imezima, na habari imetoka Qatar, imenikosa, imewafikia wao. Ijumaa mbili hakupiga. Sasa nikajua kwa nini hakupiga.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope na suruali yangu ya mjini. Nikauliza, "Nani amewaambia?" na Mama Njoki akasema, "Tumejua tu, Baba Kui. Usiongee." Wakaninyanyua wanaume wawili, wakanipeleka kwenye kiti cha mbele, wakaniwekea blanketi mabegani, na mtu akanishikisha kikombe cha chai, na nilipokitazama kilikuwa kikombe cha Nyambura, kile cha buluu, wamekitoa kwenye msumari. Sikuweza kunywa. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba Ijumaa ya kwanza asipopiga ningemwandikia neno moja, hujambo, neno moja tu, na sikuliandika.

Wakaanza kumtaja. Mimi niko kwenye kiti, nasikia kama niko ndani ya pipa. Mama Njoki akasimama akasema usiku alipokuwa anajifungua Njoki na mvua imeharibu barabara, Nyambura ndiye alikuja na tochi akamshika mkono hadi asubuhi. Mwingine akasema Nyambura alikuwa akipita hakosi kusalimia, hata kama mmegombana. Kulikuwa na bango dogo limebandikwa kwenye nguzo ya hema, picha yake ya harusi ya dada yake, imewekwa mshumaa na njiwa wawili (mimi nilikuwa kwenye picha hiyo, walinikata, kilichobaki ni kiwiko changu). Picha hiyo hiyo ilikuwa imeshatumwa kwa grupu ya kijiji.

Halafu mchungaji akasimama kufungua maombi. Akasema, "Ndugu yetu ameumia sana. Wakina mama walimpata huko kwa kituo, akiwa peke yake, akilia kwa simu, tena akilia na Kiingereza, akisema ameachwa, akiita jina ya mke wake. Mtu akifika kulia na lugha ya kigeni, ameumia."

Nikainua kichwa. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Mnajua furaha na aibu zikija pamoja mtu hufanya nini? Mimi nilicheka. Nilicheka mbele ya hema zima, blanketi begani, machozi na makamasi usoni, nikasimama nikasema, "Hajafa. Nyambura hajafa. Yule alikuwa ni Margaret."

Mama Njoki akanishika mkono mmoja, mwanamume mmoja akanishika wa pili, wakanikalisha. Mchungaji akawaambia watu kwa upole, "Muacheni. Ni kawaida. Hata mimi mama yangu akienda nilisema hivyo." Nikaanza kueleza, kuna mzee Mkorea, anaitwa Seo, mkwe wake wa Kanada amefiwa, nilikuwa namfundisha rambirambi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunihurumia, na jirani mmoja akauliza kama nina dawa yoyote nimekunywa. Hebu jiwekeni mahali pangu. Niliyonayo ni hadithi ya Mkorea, Mkanada na ndoo, na wao wana walichosikia kwa masikio yao.

Nikasema basi nipeni moto wa simu, nimpigie mwenyewe mumsikie. Wakaichomeka. Ikawaka. Nikampigia Nyambura mbele yao wote, ikalia, ikalia, ikakatika. Nikapiga tena. Hakushika. Siku za kazi huwa simu yake inawekwa na tajiri, nalijua hilo, nilijiambia nalijua, lakini kila ilipolia bila kushikwa nilianza kuogopa upya, na wao wakatikisa vichwa kwa huruma, wengine wakaanza kulia tena.

Ndipo mzee wa kanisa akasema, kunituliza, "Mwarimu, usijari. Kila kitu imepangwa. Hata mama yake tumefikiria. Baba Njoki ameshaenda Kangari na wazee wawili."

Mama mkwe wangu anaishi Kangari, peke yake, katikati ya majani chai, na presha yake ni ya kulazwa. Na kwetu mama hapigiwi simu kuambiwa mtoto wake amekufa. Watu wanatumwa. Wanafika, wanaketi, wanakunywa chai, wanaomba, na baada ya maombi ndipo mzee mmoja anasema. Nikauliza Baba Njoki ameondoka lini, wakaniambia zamani, ako karibu kufika kama hajafika. Nikamwambia Mama Njoki mpigie simu bwana yako, akasema, "Amezima simu. Nilimwambia azime, ndio isilie kabla hawajamaliza maombi."

Kwa hivyo ilibaki mimi nimpigie mama mkwe. Nawauliza, ninyi mngeanzaje? Simu ya kumwambia mama mtu kwamba mtoto wake hajafa haina mwanzo mzuri. Ukisema tu hajafa, umeshamwua. Nilisimama karibu na ukuta waya wa chaja ukiwa umenivuta shingo, hema zima linanitazama, na ikashikwa.

"Mama, ni mimi."

"Baba Kui. Leo ni siku gani mnanikumbuka nyote hivi?"

"Mama, kuna wageni hapo?"

"Wako. Baba Njoki na wazee wengine. Wanasema walikuwa wanapita tu wakaona wanisalimie." Akashusha sauti. "Wamevaa makoti. Hawataki hata kula. Wanakunywa chai tu wakiangaliana. Kuna nini?"

Sijawahi kuipenda chai hivyo. Nikamwambia, "Mama, kabla hawajaomba, nisikize. Mimi nimefanya ujinga. Hakuna mtu amekufa." Nikamweleza yote, haraka, Bwana Seo, kituo, kilio, hema. Nilimsikia anakaa. Alinyamaza hadi nikadhani amezimia, nikaita Mama, Mama. Halafu akauliza, "Ulikuwa unalia kweli, ama ulikuwa unafundisha?"

Nikaanza kuukunja waya wa chaja.

"Nyambura alikupigia lini?"

"Ijumaa mbili hajapiga."

"Hata mimi," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuuliza." Tukakaa hivyo kila mtu na simu yake, yeye Kangari na mimi Tetu, na nilipotazama hema nikaona watu wameacha kunihurumia na wameanza kuogopa pamoja nami. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mama akasema wacha akawape hao wazee chakula kwa maana sasa hawana sababu ya kukataa, akakata.

Jua likazama nyuma ya msitu wa Nyandarua tukiwa bado tumekaa. Hakuna aliyejua la kufanya. Matanga hayawezi kuendelea na hayawezi kuisha. Kabichi ziliiva. Mchungaji alikuwa ameketi kando yangu, Biblia imefungwa, na nilitaka kumwambia aende nyumbani lakini nilikuwa sitaki aende.

Halafu simu zikalia. Si yangu, zote, hema zima, kwa pamoja, ule mlio wa grupu ya kijiji. Mama Njoki ndiye wa kwanza kuusoma ujumbe, na akausoma kwa sauti bila kujua kwamba anausoma kwa sauti:

"Hamjambo wote. Nimemaliza kazi sasa hivi nikaona picha yangu. Ni nini imenipata?"

Mchungaji aliweka mkono juu ya kichwa chake akauacha hapo. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, mama mmoja akaanza kulia, na mzee wa kanisa akachukua simu ya jirani yake akaisoma mwenyewe herufi kwa herufi kuhakikisha. Kisha wote wakageuka kunitazama, na hapo, marafiki zangu, ndipo aibu ilipofika. Mpaka wakati ule nilikuwa mfiwa. Sasa nilikuwa mwanamume aliyesimamishiwa hema kwa kulia mbele ya mwanafunzi. Mwenyekiti wa kamati alitaka kujua kama kamati imevunjwa rasmi. Mama Njoki akaniangalia akasema, "Sasa Baba Kui, kama ni upweke, si ungesema tu? Hapo ua ni moja." Nilisema asante, nikasema samahani, nikazisema mara nyingi.

Mchungaji akageuza maombi yakawa ya shukrani, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva na watu wamekaa, na wakala, wakanicheka midomo imejaa. Nilikula na watu wengi kuliko nilivyokula nao mwaka mzima. Kisha wakaenda mmoja mmoja na tochi zao, hema likaachwa hadi kesho, na viti vitupu vikabaki vimenitazama. Kui hakujua lolote, kule bweni simu haziruhusiwi, na hiyo ndiyo bahati pekee niliyopata siku hiyo.

Nikarudisha kikombe cha buluu kwenye msumari. Simu ikalia.

"Baba Kui," akasema Nyambura. "Tajiri alikuwa amesafiri na simu yangu kwa gari. Leo ndio amerudi. Sasa niambie, nani alikuja?"

Nilitarajia matusi. Nikamtajia. Kila jina alitaka kujua mtu huyo amekaa wapi na amesema nini. Nilipofika kwa Mama Njoki, na tochi, na mkono, alinikatiza.

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Mimi sikujua anakumbuka." Akapumua. "Huku, Baba Kui, nikinyamaza siku nzima hakuna mtu anajua nimenyamaza. Nilikuwa nafikiria hata huko mmenizoea nikiwa sipo." Halafu akauliza, "Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilisema na Kiingereza. Kwa yule mzee."

"Nisemee na Kikuyu."

Na mimi, mwalimu wa lugha, ninayeweza kukwambia kwa nini ndoo haipigwi teke mbele ya mjane, nilisimama jikoni bila neno. Nikakumbuka Bwana Seo alivyoweka kitabu chini. Nikaanza na kile kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nikamwambia kikombe chako kiko kwa msumari, na asubuhi nikipika chai bado naweka maji ya watu wawili, halafu nyingine naimwaga. Hakujibu, lakini hakukata. Nilisikia anapumua kwa karibu, kama amefunika simu na leso.

"Endelea," akasema.

Bwana Seo naye alimpigia mzee wa Kanada wiki hiyo, aliniambia waliongea hadi sikio likamuuma, na kitabu hakukifungua. Mimi rambirambi sifundishi tena, anayetaka nitamwelekeza kwa mwalimu mwingine, na kituoni nikienda naketi nikitazama mlango. Na nimeapa mbele ya mchungaji, na kamati ikiwepo, kwamba sitamlilia tena mtu ambaye nina namba yake ya simu.